Kabla Hamjazika: Namna ya Kutafuta Jibu Kijana Anapofariki Ghafla

Kijana amelala mzima, asubuhi anakutwa amefariki. Mwingine anaanguka uwanjani akikimbia, hakuna aliyemgusa, na hafiki hospitali. Kwetu msiba wa namna hii haukai muda mrefu bila kupewa maelezo: ilikuwa presha, moyo ulisimama, au kuna mkono wa mtu. Maelezo hayo matatu hayafanani, lakini yote hayamwambii mdogo wa marehemu, mama yake wala mtoto wake kama naye yumo hatarini. La kukataa mapema zaidi ni lile la moyo kusimama, kwa sababu hilo huandikwa hata na watabibu. Kila maiti moyo wake umesimama, awe amegongwa na gari au amekufa kwa malaria. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya kujaza cheti cha kifo, linataka uandikwe ugonjwa au jeraha lililoanzisha mambo, na linakataza kuandika namna tu mtu alivyokata roho. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye ukoo hukutuma mochwari, hospitali na polisi wakati wengine wanalia. Ninachokutetea humu ni kwamba uchunguzi wa maiti ya mtu aliyekufa ghafla angali kijana ni kipimo cha afya ya ndugu zake, na kwa hiyo udaiwe, uharakishwe na utunzwe kama vipimo vya mtu aliye hai.

Kwanza ujue ni misiba gani inayohitaji juhudi hii. Madaktari huita kifo cha ghafla kile kinachotokea bila kutarajiwa ndani ya saa 1 tangu dalili zianze mbele ya watu, au, kama hakuna aliyeshuhudia, ndani ya saa 24 tangu marehemu aonekane mara ya mwisho akiwa mzima. Baada ya umri wa miaka 35 hivi, sababu kubwa ni mishipa inayoulisha moyo damu kuziba kwa mafuta. Chini ya umri huo sura hubadilika. Hapo hukutwa misuli ya moyo iliyonenepa kwa kurithi, misuli ya upande wa kulia inayogeuka mafuta na kovu, uvimbe wa misuli ya moyo baada ya maambukizi ya virusi, mishipa ya moyo iliyoota mahali pasipo pake tangu tumboni, na hitilafu za umeme wa moyo ambazo haziachi alama hata moja ya kuonekana kwa macho. Nyingi kati ya hizi hurithiwa, na kwa kawaida mzazi mwenye kasoro ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mtoto anayemzaa. Sidai kwamba kila mzee wa miaka 75 aliyeishi na presha na kisukari apasuliwe. Familia ikiamua kumzika kwa amani, sina hoja ya kuipinga. Nguvu zako ziweke kwa aliyekufa kabla ya miaka 40 au karibu na hapo, kwa mtoto, kwa mama aliyejifungua wiki au miezi michache iliyopita, na kwa mtu wa umri wowote ambaye ukoo wake umeshapata msiba mwingine wa namna hiyohiyo.

Utakutana na mtu atakayesema uchunguzi ni kupoteza muda, kwa kuwa aliyeanguka ghafla ni moyo tu, kuna nini tena cha kutafuta. Dhana hiyo ilijaribiwa huko San Francisco, Marekani, kati ya 2011 na 2014, kwa kuchunguza maiti za watu waliofia nje ya hospitali ambao kwa vigezo vya kimataifa wangehesabiwa kuwa wamekufa ghafla kwa moyo. Walikuwa 525. Baada ya kupasuliwa na kupimwa sumu, ni takriban asilimia 56 tu waliothibitika kufa kwa mapigo ya moyo kuvurugika. Waliobaki walikufa kwa dawa na vilevi vilivyozidi kipimo bila mtu kujua, kwa damu kuvuja kwenye ubongo, kwa damu iliyoganda mguuni kisha ikapanda mapafuni, na kwa mambo mengine. Tena huo ni mji wenye magari ya wagonjwa na kumbukumbu za matibabu. Kukisia kukiwa na makosa kiasi hicho kule, sioni sababu ya kuamini kwamba makisio ya jirani aliyefika baada ya mtu kukata roho yatakuwa bora zaidi huku kwetu, ambako malaria kali, pombe yenye sumu na ugonjwa wa seli mundu navyo huweza kumchukua kijana kwa muda mfupi.

Sasa siku ya kwanza. Jambo linaloharibu ushahidi kuliko yote katika mochwari zetu ni dawa ya kuhifadhi mwili. Familia inataka kusafirisha maiti, kumsubiri ndugu aliye nje, au kukaa matanga ya siku kadhaa, na mhudumu anapendekeza mwili uchomwe dawa usiharibike. Dawa hiyo huwa na formalini. Ikishaingia kwenye mishipa huvuruga vipimo vya sumu na huharibu vinasaba, na damu iliyochanganyika nayo haitakusaidia kitu. Kwa hiyo neno lako la kwanza kwa mhudumu wa mochwari liwe kwamba mwili uwekwe kwenye jokofu na usichomwe dawa mpaka daktari amalize kazi yake. Jokofu halina madhara hayo. Mwili usioshwe wala kuvuliwa nguo kabla daktari hajauona kama kuna uwezekano wa kuzuia hilo, na dawa alizokuwa akimeza marehemu, za hospitali na za kienyeji, zikusanywe zote pamoja na pakiti zake.

Wakati huohuo zungumza na polisi. Katika Tanzania na Kenya, kifo kilichotokea nje ya hospitali bila sababu kujulikana ni jambo la kuripotiwa, na sheria inawapa wenye mamlaka nguvu ya kuagiza uchunguzi. Tanzania ina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo kwa ajili hiyo. Polisi, hata hivyo, hutafuta jinai. Wakiona hakuna jeraha wala anayeshukiwa, mara nyingi huridhika na kuruhusu mazishi, na familia hulipokea hilo kama nafuu. Hapo ndipo unapotakiwa usiondoke. Waambie kwamba hamumshuku mtu, ila mnataka kujua ugonjwa, na muombe uchunguzi kwa maandishi. Kifo kikiwa kimetokea wodini, njia ni nyingine: daktari huomba ridhaa ya familia, au familia humwomba daktari, na pande zote mbili zina haki ya kuanza. Ridhaa hiyo isomeni vizuri kabla ya kutia sahihi. Yaandikwe humo mambo mnayoyakubali, hasa kuchukua vipande vidogo vya viungo na damu, na kuvitunza.

Kisha andika historia, siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu za watu hazijageuka. Hapa ndipo familia inapojua kuliko daktari, na pengine robo ya jibu imo midomoni mwa waliokaa msibani. Alikuwa anafanya nini dakika ile? Kufa maji kwa mtu anayejua kuogelea kunaelekeza kwenye aina moja ya kasoro ya umeme wa moyo. Kuanguka baada ya kushtuliwa na kelele, kengele ya saa au mlio wa simu kunaelekeza kwenye aina nyingine ya jamii hiyohiyo. Kufa usingizini, hasa mtu akiwa na homa, kunaelekeza kwingine kabisa. Kuanguka katikati ya mbio au hasira kali humfanya daktari afikirie misuli iliyonenepa, au ugonjwa ambao mapigo huvurugika kila homoni za msisimko zinapopanda. Uliza kama aliwahi kuzimia. Uliza hasa kama aliwahi kuambiwa ana kifafa, kwa sababu moyo unaposita kupeleka damu kwenye ubongo mtu hutupa mikono na miguu, na wengi wa namna hiyo wametibiwa kifafa miaka mingi bila moyo kupimwa hata mara moja. Rudi nyuma kwenye ukoo: nani alikufa maji, nani aligonga mti peke yake barabarani akiwa hajalewa, mtoto gani mchanga alikutwa amekufa kitandani, nani alikufa akiwa kijana na watu wakasema karogwa. Yaandike kwa majina, umri na mwaka, uchore ukoo kwenye karatasi, na karatasi hiyo imfikie daktari kabla hajashika kisu. Kama marehemu aliwahi kupimwa umeme wa moyo, hata miaka kumi iliyopita kwa ajili ya ajira au upasuaji, itafuteni karatasi ile. Inaweza kuwa na thamani kuliko vipimo vyote vitakavyofuata.

Daktari mwenyewe anapaswa kufanya nini? Huna haja ya kujua kazi yake yote, lakini ukijua vipande vyake vikubwa utaweza kuuliza. Uchunguzi kamili hauishii kifuani. Ubongo hufunguliwa kuangalia damu iliyovuja, mapafu kuangalia damu iliyoganda, na mshipa mkuu utokao kwenye moyo kuangalia kama umechanika. Moyo hupimwa uzito, na uzito huo hulinganishwa na umbo la marehemu, kwa kuwa moyo wa gramu 400 una maana moja kwa mtu wa miraba minne na maana nyingine kwa msichana mwembamba. Mishipa ya moyo hufuatwa tangu inapotoka, ikikatwa vipande vya kama milimita 3, kutafuta mahali palipoziba. Hili lina uzito wake, kwa sababu mtu aliyekufa saa moja au mbili baada ya mshipa kuziba huwa na misuli ya moyo ambayo kwa macho haionyeshi kitu; donge la damu ndani ya mshipa ndilo shahidi pekee. Baada ya hapo hukatwa vipande vidogo kutoka sehemu mbalimbali za moyo, kushoto, kulia na katika ukuta wa kati, hata kama vyote vinaonekana vizima, vikaangaliwe kwa hadubini. Misuli iliyopangika ovyo, kovu jembamba, mafuta yaliyopenya, chembechembe za uvimbe wa virusi, hivyo havionekani pale mezani. Uchunguzi wa kifo cha ghafla uliokwisha bila hadubini haujakwisha, na ripoti inayotolewa jioni ileile huku ikitaja ugonjwa wa misuli ya moyo inastahili swali.

Kisa cha Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kamerun, kinaonyesha thamani ya kutochoka mapema. Alianguka tarehe 26 Juni 2003 mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, akiwa na miaka 28. Dunia iliona kwa televisheni. Uchunguzi wa kwanza wa maiti haukupata sababu kamili. Wa pili ndio uliokuta dalili za misuli ya moyo iliyonenepa, ugonjwa ambao kwa kawaida hurithiwa. Mwanamichezo aliyekuwa akitazamwa na madaktari wa timu kubwa za Ulaya alihitaji kuchunguzwa mara mbili, na kama kazi ingeishia kwenye jibu la kwanza, kilichobaki kingekuwa uvumi.

Kuna sampuli mbili za kuombwa kwa jina, maana zikikosa kuchukuliwa siku hiyo hazitapatikana tena. Ya kwanza ni ya sumu na dawa: damu kutoka kwenye mshipa wa paja badala ya ile ya kifuani, pamoja na mkojo na vilivyomo tumboni. Tanzania kazi hiyo hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Kenya ipo idara ya mkemia wa serikali. Ya pili ni ya vinasaba: mililita 5 hadi 10 za damu katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, ile ambayo kila maabara ya hospitali inayo kwa ajili ya kupima wingi wa damu, au kipande kidogo cha wengu au ini kisichotiwa formalini, kigandishwe. Usisubiri kujua itapelekwa wapi. Kuichukua na kuigandisha ni kazi ya dakika chache, na uamuzi wa kuipima unaweza kufanywa mwezi ujao au mwaka ujao. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani waliweza kueleza kifo cha msichana wa miaka 19 aliyezama majini kwa kupima vinasaba vya tishu iliyotunzwa baada ya kufa. Tishu ile isingekuwapo, angebaki kwenye vitabu kama mtu aliyezama tu.

Zipo wilaya nyingi ambako atakayeshika kisu ni daktari wa kawaida, si bingwa wa patholojia. Asidharauliwe, na kazi isiachwe. Mwombe apige picha za moyo mzima na uliokatwa, aandike uzito na unene wa kuta, na atunze vipande vya kutosha ili bingwa wa Muhimbili, Kenyatta au kwingine aweze kuvisoma baadaye. Maoni ya pili si tusi kwa wa kwanza. Uingereza, ambako mioyo ya vijana waliokufa ghafla hupelekwa kwa mabingwa wa patholojia ya moyo, mabingwa hao walipolinganisha majibu yao na ya wenzao waliotangulia walitofautiana katika takriban asilimia 41 ya kesi. Kosa la kawaida lilikuwa kuona ugonjwa wa misuli mahali ambapo moyo ulikuwa mzima. Kosa hilo linaumiza pande mbili: ndugu hutishwa na ugonjwa wasio nao, na ule wa umeme walio nao hautafutwi.

Hapa tunafika mahali panapovunja mioyo ya familia nyingi: daktari anasema ameangalia kila kitu na hakuona kitu. Watu husikia kwamba uchunguzi umeshindwa, na wale waliosema tangu mwanzo kuwa ni uchawi wanapata nguvu. Lakini moyo mzima, ubongo mzima, mapafu mazima na damu isiyo na sumu ni jibu lenye uzito. Maana yake ni kwamba umeme wa moyo wenyewe ndio unaoshukiwa, na umeme huo unaweza kupimwa kwa walio hai. Australia na New Zealand zilifuatilia vifo vyote vya ghafla vya moyo vya watu wa miaka 1 hadi 35 kuanzia 2010 hadi 2012. Vilikuwa 490, na asilimia 40 havikupata maelezo baada ya uchunguzi wa kawaida wa maiti. Kati ya hivyo visivyoelezeka, 113 vilipimwa vinasaba, na asilimia 27 vikakutwa na badiliko la maana katika vinasaba vya moyo. Uingereza nako, watafiti walipopima ndugu wa familia 303 zilizopata msiba wa namna hiyo, walikuta ugonjwa wa moyo wa kurithi katika asilimia 42 ya familia. Hao ni watu waliokuwa wakitembea, wakilima, wakiendesha magari bila kujua. Kuhusu uchawi, fikiria vijana wa Ufilipino na Thailand waliokuwa wakifa usingizini wakikoroma kwa shida. Kwa vizazi vingi wenyeji waliamini kuna mzimu unaowakalia vifuani. Mwaka 1992 ndugu wawili madaktari, Pedro na Josep Brugada, walieleza ugonjwa wa umeme wa moyo wenye alama yake maalumu kwenye karatasi ya kipimo, na mwaka 2002 watafiti wakaonyesha kwamba vifo vile vya usingizini ni ugonjwa huohuo. Familia za kule hazikuwa za wajinga. Zilikosa kipimo tu, kama sisi tunavyokikosa tusipokidai.

Pingamizi zito zaidi ni la dini na heshima ya maiti, na sitalipita kwa haraka. Mwislamu anatakiwa azikwe upesi, na hadithi ya Mtume inakataza kuvunja mfupa wa maiti kama inavyokatazwa kuuvunja wa aliye hai. Hata hivyo, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka mwaka 1987, liliruhusu upasuaji wa maiti kwa dharura, ikiwemo kutambua ugonjwa ili hatua za kinga zichukuliwe, kwa sharti kwamba usizidi kiasi cha dharura na heshima ya mwili ilindwe. Kifo cha kijana ambaye ndugu zake huenda wamebeba kasoro ileile kinaingia katika maana hiyo, kwa maoni yangu, bila kulazimishwa. Lakini muulizeni shekhe mnayemwamini, mkimweleza wazi kwamba wanaokusudiwa kulindwa ni walio hai. Katika utekelezaji, hayo mawili hayagongani kama inavyodhaniwa. Daktari akiwepo na karatasi zikiwa tayari, uchunguzi wenyewe huisha katika saa chache, na mwili hushonwa ukaoshwa na kukafiniwa bila alama kuonekana usoni. Kinachochelewesha mazishi mara nyingi ni kumtafuta mtu wa kutia sahihi. Kama familia inakataa kabisa mwili kufunguliwa, omba kilicho chini yake: kuangaliwa kwa nje, damu ya paja, na picha za mashine ya CT pale zilipo. CT itaonyesha damu kichwani au damu iliyozunguka moyo. Haitaonyesha hitilafu ya umeme wala uvimbe mdogo wa misuli. Damu itakuwa imebaki, na hilo si dogo.

Hofu ya viungo kuibwa nayo ni ya kweli kwa watu wengi, na dawa yake ni uwazi, si kukemea. Vipande vya hadubini ni vidogo, vya ukubwa wa stempu ya posta. Ikiwa daktari anataka kuubakiza moyo mzima kwa ajili ya bingwa, ana wajibu wa kusema hivyo, kuomba ridhaa na kueleza utarudi lini au utazikwa vipi; nanyi mna haki ya kukataa na kumwachia vipande na picha. Mtu mmoja wa familia, ikiwezekana mwenye taaluma ya afya, anaweza kuomba kuwapo. Kuhusu gharama, uchunguzi ulioagizwa na serikali haupaswi kuwa mzigo sawa na ule mliouomba hospitali binafsi, kwa hiyo ulizeni mapema ni upi mnaofanyiwa. Mkilazimika kuchagua, anzeni na hadubini na kuhifadhi damu. Kipimo cha vinasaba ni ghali na kinaweza kungoja.

Wengine husema, na ni watu wenye akili timamu, kwamba nchi zetu hazina maabara za kutosha za vinasaba wala pesa za vifaa vya kupandikiza kifuani, kwa hiyo kujua ni kujitesa. Nawajibu kwa historia yetu wenyewe. Mwaka 1948 J.N.P. Davies wa Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa wa kovu ndani ya vyumba vya moyo kutokana na maiti alizochunguza hapo, na ugonjwa huo ukaingia katika vitabu vya dunia nzima kutoka Afrika Mashariki. Italia nayo, Gaetano Thiene na wenzake wa Padova walichunguza vijana 60 wa mkoa wa Veneto waliokufa ghafla kati ya 1979 na 1986, wakakuta 12 wana ugonjwa wa misuli ya upande wa kulia ambao wakati huo ulikuwa haufikiriwi sana. Vifo vya wanamichezo mkoani humo, baada ya sheria ya 1982 kuwataka wote wapimwe, vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4 kufikia 2004. Wapo wataalamu wanaobisha kama upungufu wote huo ulitokana na upimaji, na ubishi wao una hoja. Lakini hakuna anayebisha kwamba upimaji wenyewe ulijua cha kutafuta kwa sababu maiti zilikuwa zimechunguzwa.

Na matibabu hayaanzii kwenye vifaa vya mamilioni. Ndugu wa damu wa daraja la kwanza, yaani wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto, waanze na kipimo cha umeme wa moyo, kile kinachoitwa ECG hospitalini, kisha ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kisha kipimo cha umeme wakiwa wanakimbia kwenye mashine. ECG inapatikana katika hospitali nyingi za mikoa. Kwa vinavyobaki ziko taasisi kama ile ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Akikutwa mtu ana kasoro ya umeme ya aina ile inayochochewa na mbio au mshtuko, dawa ya kwanza ni jamii ya propranolol, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ingawa haimfai kila mtu na mwenye pumu anaweza kudhurika nayo, hivyo aandikiwe na daktari. Mwingine atatakiwa tu kuepuka dawa zinazorefusha hatua moja ya umeme wa moyo, zikiwemo erithromaisini, klorokwini na haloperidol. Mwenye ugonjwa ule ulioelezwa na akina Brugada atafundishwa kwamba homa kwake si ya kuvumilia: ashushe joto mara moja na afike hospitali, funzo lenye uzito wa pekee katika nchi za malaria. Ikikutwa ni vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, watoto waliokulia nyumba moja na marehemu nao wastahili kupimwa, maana wanaweza kukingwa kwa sindano za penisilini.

Kuna tahadhari moja kuhusu vinasaba. Maabara ikitoa jibu kwamba imeona badiliko ambalo maana yake haijulikani, jibu hilo lisitumike kumwambia mtu yeyote kwamba ni mgonjwa au ni mzima, wala lisifike kwa wachumba na wakwe. Litabaki kwenye faili na daktari aliulizie tena baada ya miaka michache, kwa kuwa mengi ya mabadiliko hayo hupata maana kadiri watu wengi zaidi duniani wanavyopimwa.

Ripoti itachelewa kuliko mnavyotaka. Hadubini na sumu huchukua wiki, mara nyingine miezi, na cheti cha kifo huweza kutolewa kabla kikiwa na maneno ya muda. Chagueni mtu mmoja wa kufuatilia, aandike jina la daktari, namba ya uchunguzi na mahali vipande vilipohifadhiwa, na siku ripoti inapotoka aombe daktari aisome pamoja naye, si kumkabidhi bahasha. Aulize kama kilichopatikana kinarithiwa, na aombe nakala za kutosha kwa matawi yote ya ukoo, wakiwemo walio mbali, kwa sababu bingwa wa moyo atakayempima ndugu aliyeko Muscat au Toronto ataihitaji kama atakavyoihitaji wa Mwanza. Vipimo vya watoto virudiwe. Misuli ya moyo iliyonenepa kwa kurithi inaweza isionekane kwa mtoto wa miaka 6 na ikajitokeza akibalehe, kwa hiyo karatasi safi ya leo ina tarehe ya mwisho, na daktari ndiye wa kuitaja tarehe hiyo kabla hamjatoka chumbani kwake.